Taya la Bibi Kwandu

Nyantakara, Biharamulo
11 Juni 2023

Shangazi Agness,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na Baba Joyceline na dada Joyceline mwenyewe. Sisi hapa hatujambo. Mguu wa mama umepungua uvimbe, sasa anafika kisimani bila fimbo. Mahindi tumevuna, si haba, ila ngedere walitutangulia upande wa msituni. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Kaka Samweli amemaliza nyumba yake ya tofali za kuchoma na anatusumbua sote twende tukaitazame, kana kwamba haionekani kutoka barabarani.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu nikikwambia neno unasema, "Sema tena." Nikisema tena unasema mtandao mbovu. Mtandao si mbovu, shangazi. Ni taya langu. Nimechoka kusema tena, na karatasi hainiulizi. Novatus, dereva anayeleta mchele huko Rulenge, amekubali kunibebea barua, na atapita kwako kuchukua majibu.

Sasa nisikilize. Mwezi wa tatu mzazi mmoja alikuja shuleni akamwambia Mwalimu Mkuu Marcel kwamba mtoto wake anasema "thithi" badala ya "sisi". Alipomuuliza mtoto amejifunza wapi, mtoto akasema, "Ndivyo anavyosema mwalimu." Na ni kweli. Meno yangu ya chini yameyatangulia ya juu, unaweza kupitisha kidole katikati, na hewa yote inapotelea hapo. Mwalimu Mkuu hakunigombeza. Aliniita ofisini, akaninyang'anya darasa la kwanza kwa upole, akanipa stoo ya vitabu na bustani ya shule. Alinionea huruma. Afadhali angenitukana.

Vile vyuma nilivyovalishwa menoni Mwanza tangu mwaka juzi, baba alidhani ni vya kunyoosha meno tu. Sasa Daktari Audax anasema meno yamekaa tayari, kilichobaki ni mfupa wenyewe. Taya la chini linakatwa pande zote mbili, linarudishwa nyuma, linaachwa liunge. Bima yangu ya kazi imekubali.

Nilimweleza baba jioni akiwa zizini. Alisimama akiwa bado ameshika kamba ya ndama. Akasema, "Uso huo si wako peke yako. Ni uso wa mama yangu." Nikamwambia maumivu ya kutafuna ni yangu peke yangu. Akasema, "Ukiukata, usirudi hapa na jina lake."

Wewe ni dada yake, na umefanya kazi ya uuguzi miaka mingi. Wewe unalo taya hili hili. Mwambie. Kwako hawezi kupandisha sauti.

Mwanao,
Kwandu Shibuda


Rulenge, Ngara
9 Julai 2023

Mwanangu Kwandu,

Marahaba. Barua nimeipata kwa kuchelewa, Novatus aliharibikiwa gari Nyakahura, akaja amejaa grisi mpaka kwenye nyusi. Sisi wazima. Baba Joyceline anaanika kahawa na hataki kuku wapite hata kivulini mwake. Maharage yamekubali. Joyceline anashona sare za shule za watoto wa watu. Mpe mama yako pole ya mguu, aukande kwa maji ya moto ya chumvi, asisikilize wauza dawa wa mnadani.

Jibu langu ni hapana.

Unaniomba nikamshawishi kaka yangu aruhusu wakukate uso. Unajua unachoniomba? Uso huo ni wangu pia. Bibi yako Kwandu alitoka Shinyanga kwa miguu nyuma ya ng'ombe, mtoto mgongoni, akafika huko Biharamulo kukiwa pori tupu, na taya lake likiwa mbele. Watu walimjua kwa mbali. Nilipokuja kuolewa huku Ngara, wasichana wa huku walinicheka kanisani. Niliwatazama mmoja mmoja mpaka wakainamisha macho. Wote wanajua mimi ni nani, na hakuna anayecheka leo. Wewe unataka kuwapa wanaokucheka kisu washike wenyewe.

Halafu kuna hili, nakwambia kama muuguzi. Alikuja wodini kwetu mzee mmoja, Nkeshimana, alipasuliwa taya mbali huko, sikuuliza wapi. Taya lilipona vizuri. Siku moja nampa chai, naona anainywa inatoa moshi, mdomo wa chini unababuka, yeye ananihadithia habari za mbuzi wake. Hakusikia kitu! Mshipa wa fahamu uliguswa. Mdomo wake ulikuwa kama wa mtu mwingine uliobandikwa pale. Alikuwa akijiuma mpaka damu inatoka, tunamwambia sisi.

Ndicho unachokitaka? Kufundisha darasa la kwanza ukiwa unadondosha mate bila kujua?

Usiniandikie tena juu ya kisu. Niandikie habari nyingine.

Shangazi yako,
Agness


Nyantakara
2 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo. Hapa wazima. Mama amekanda mguu kwa chumvi kama ulivyosema, anashukuru. Ndama anakua. Samweli amepaka nyumba rangi ya kijani, tumekubaliana nyumbani kutosema lolote.

Nakuandikia tena juu ya kisu.

Nilikwenda Mwanza na habari ya Mzee Nkeshimana mfukoni, maana barua yako nilikuwa nayo. Daktari kijana alinipokea, akasema nafasi ya upasuaji ipo wiki inayofuata, picha ya kawaida wanayo tayari, mashine ya CT, ile inayoonyesha ndani ya mfupa, imeharibika, tusipoteze muda. Mtu mwingine angefurahi. Nikamuuliza mshipa wa fahamu unapita wapi kwangu. Akaweka picha kwenye mwanga, akanionyesha mstari: juu hapa, chini hapa. Nikamuuliza kama uko ndani zaidi au nje zaidi. Akasema hilo picha hii haionyeshi, akaenda kumwita Daktari Audax. Daktari Audax akasema nina haki ya kungoja. Nikasema basi nangoja. Sitalala kwenye kile kitanda kabla hatujajua unapita wapi.

Baba alipiga simu nirudi nyumbani. Sikurudi. Nililala kwa rafiki niliyesoma naye chuo, Consolatha, mpaka fundi wa mashine alipokuja.

Shangazi, nimeuona mshipa wetu. Nasema wetu kwa sababu naamini wako umekaa hivyo hivyo. Daktari Audax aliniketisha mbele ya kompyuta akalikata taya langu vipande kwenye kioo, kama mtu anayekata mkate wa boflo, kipande baada ya kipande. Katikati ya mfupa kuna njia nyembamba nyeusi. Mshipa unaingilia kwa nyuma, upande wa ndani, chini ya sikio. Unateremka, unapita chini ya mizizi ya magego, unatokeza kidevuni. Huo ndio unaotufanya tusikie chai ya moto.

Akaniambia, "Angalia taya la mtu mwingine, hili fupi na nene. Mshipa uko mbali na ukuta wa nje. Kisu kina nafasi. Sasa angalia lako. Taya refu lililotoka mbele mara nyingi linakuwa jembamba hapa nyuma, na mshipa unaegemea ukuta wa nje. Si kwa kila mtu, ndiyo maana tunaangalia."

Upande wa kulia nafasi ilikuwapo, ndogo. Kushoto haikuwapo kabisa. Mshipa umeugusa ukuta kama mtu aliyejibanza asionekane.

Nikamuuliza, "Wewe ukikata, utaupitia wapi?"

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akasema ziko njia mbili. Ya kwanza, ambayo wao wameizoea, wanaupasua mfupa kwa urefu wake kama unavyopasua ukuni, kipande cha nje na kipande cha ndani, wanavifunga kwa skrubu, na mgonjwa anafungua mdomo mapema. Lakini kwa taya kama langu, kupasua pale ni kupasua juu ya mshipa wenyewe. Njia ya pili, wanakata kwa wima kule nyuma, nyuma ya pale mshipa unapoingilia, kwa hiyo mshipa unabaki mbele ya kisu. Hatari inapungua. Haiishi. Alilisema hilo mara mbili, akanitaka nilirudie kwa maneno yangu. Na kwa njia hiyo hakuna skrubu, kwa hiyo meno ya juu na ya chini yanafungwa pamoja kwa waya mpaka mfupa ushikane, karibu mwezi mmoja na nusu.

"Hutakula, utakunywa kwa mrija," akasema. "Na hutaongea."

Nikamwambia, "Wamenikataza kuongea tangu mwezi wa tatu."

Nimechagua ya pili. Ni mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa. Naogopa, shangazi, usifikiri siogopi. Lakini ninaogopa nikiwa najua.

Jambo moja la mwisho. Nilimkuta Joyceline mnadani Biharamulo amekuja kununua vitambaa. Alikuwa na kinu kipya kichwani. Nikamtania kama anaolewa. Akasema, "Ni cha nyama ya mama." Nilipomuuliza nyama ya mama ni nini, alibadilisha habari upesi mno.

Shangazi, wewe unakula nini?

Kwandu


Nyantakara
17 Septemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Novatus anasema barua alikukabidhi mkononi. Amepita kwako mara mbili kuuliza majibu, mara zote umempa ndizi.

Wazima. Mvua bado.

Kwandu


Rulenge
15 Oktoba 2023

Kwandu,

Marahaba. Baba Joyceline alikuwa na malaria, amepona, amekonda. Mvua huku imeanza. Joyceline ana mdomo mrefu kuliko mataya yetu yote mawili, nimemwambia hivyo na nimemnunia wiki nzima.

Baba yako amekuja hapa. Naona hakukuaga anakwenda wapi. Alishuka kwenye basi na jogoo mkononi, nikajua ana ombi. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Dada, mwandikie Kwandu umkataze. Akikusikia wewe ataacha." Nikamwambia nilishakukataza na umeniandikia kurasa nne. Akasema niandike kwa ukali zaidi. Kama vile sikuwa mkali!

Joyceline akachinja jogoo. Kaka ni mgeni, sikuweza kumwacha ale peke yake, nami sikutaka kuonekana natwanga nyama ya kuku kwenye kinu kama namwandalia mgonjwa. Nikala naye. Nikafanya ninavyofanya nikiwa na wageni: namung'unya, naigeuza, nameza nzima. Ile ya tatu ikakwama. Kwandu, nilidhani nakufa mbele ya kaka yangu kwa ajili ya paja la jogoo. Baba Joyceline alinipiga mgongoni mpaka ikatoka.

Nilipopata pumzi kaka alikuwa ananitazama. Akasema taratibu, "Mama naye alikuwa akila hivi."

Nikamuuliza vipi. Akasema, "Si unakumbuka? Alikuwa akila nyuma ya nyumba, ametugeuzia mgongo. Michembe ya viazi vikavu alikuwa akiiloweka tangu asubuhi. Sisi tulisema mama ana heshima, hali mbele ya wanaume."

Ninakumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya kuloweka. Nami nilisema ni heshima. Nilijivunia! Nikawa mtu mzima, nikaanza kula jikoni peke yangu, nikaita heshima.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe. Nilimwambia kaka, "Mnalitaka taya hili kwa sababu nyinyi hamtafuni nalo. Wewe una taya la baba. Umekula mifupa miaka yote hii, ndiyo maana unaliona zuri." Akasema nisimtukane mama. Nikamwambia, "Simtukani. Mimi ndiye ninayemjua." Aliondoka asubuhi bila kumaliza chai.

Sasa usifikiri umeshinda. Mimi langu silikati. Magego yamesagika, viungo vya masikioni vinalia kama bawaba, lakini nimezeeka nalo na nitazikwa nalo, na hilo ni shauri langu. Na la kukatwa kwako bado silipendi. Ila mwezi wa kumi na mbili nitakuja Biharamulo, tutapanda basi la Mwanza pamoja. Mtu akikuuliza msaidizi wako nani, sema ni mimi. Na huyo daktari anionyeshe hiyo picha mimi mwenyewe kabla hajanawa mikono.

Agness


Nyantakara
29 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Noeli iliyopita. Tangu uliponishusha stendi Biharamulo ukageuka na basi la Ngara, kila siku nilitaka kukuandikia, lakini mtu anayekunywa uji kwa mrija hana siku, ana vikombe tu. Nimepungua, gauni la kitenge linanizunguka. Mama ananichujia mchuzi wa samaki, supu ya ng'ombe, maziwa. Nakunywa kila kitu ila hasira ndiyo inayonishibisha.

Kwanza habari ya mshipa, maana sikukwambia yote hospitali. Asubuhi ile uliposhuka kununua uji, muuguzi alikuja na pamba. Akaniambia nifumbe macho, akawa ananigusa, nami nanyoosha kidole kila nikisikia. Mdomo wote nilisikia. Kidevu upande wa kulia nilisikia. Kushoto, chini ya mdomo, akapita mahali fulani nikabaki nimetulia namngojea aendelee. Nilipofumbua macho, pamba ilikuwa pale pale, ameshaigusisha mara kadhaa. Ni sehemu ndogo, sarafu inaifunika. Daktari Audax alikuja mwenyewe. Hakuzungukazunguka. Akasema mshipa haukukatwa, umevutwa kidogo, inaweza kurudi baada ya miezi, inaweza isirudi. Akasema angepasua kwa ile njia ya kwanza, kwa jinsi alivyouona mfupa wa kushoto baada ya kuufikia, asingeweza kunitazama hivi.

Nilikuficha kwa sababu nilijua ungemfuata mpaka ofisini.

Sasa habari ya hapa. Baba hasemi na mimi. Juzi kulikuwa na kikao. Baba mkubwa alikuja na wazee wawili wa ukoo, wakaleta mbuzi. Waliketi uani, wakaniita. Baba mkubwa akasema nimeukata uso wa marehemu, kwa hiyo nitapelekwa kaburini kwa bibi, nipige magoti, mbuzi achinjwe, niseme nimekosa. Mmoja wa wazee akamwambia, "Lakini hawezi kusema, amefungwa mdomo." Baba mkubwa akajibu, "Atikise kichwa tu. Inatosha."

Wote wakanitazama, wakingoja kichwa.

Shangazi, nadhani kama mdomo ungekuwa wazi ningebishana, na wangenishinda kwa maneno maana wanayajua mengi. Lakini sikuwa nayo. Mama alikuwa amefagia ua asubuhi, vumbi limelala laini. Nikaokota kijiti, nikaandika kwa herufi kubwa kama za ubaoni: SIJAKOSA.

Baba mkubwa hasomi. Akauliza, "Ameandika nini?" Samweli alikuwa amesimama mlangoni. Akasoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma bei.

Baba akasema, "Soma kwa nguvu."

"Sijakosa," akasema Samweli.

Baba mkubwa akainuka akayafuta kwa mguu. Nikaandika tena pembeni, safari hii kirefu: BIBI ALIKULA PEKE YAKE KWA SABABU ALIUMIA. NANI ALIMWOMBA RADHI? Samweli akasoma bila kuulizwa, na sasa kwa nguvu. Mama aliyekuwa jikoni akatoka na mwiko mkononi, akasimama karibu yangu. Mama si mtu wa kusema mbele ya wazee, lakini hakuondoka.

Baba mkubwa akageuka kwa baba. "Shibuda, mtoto wako anatufundisha?"

Wale wazee wakaanza kutazamana. Kisha baba akasimama, akaichukua kamba ya mbuzi mkononi mwa kaka yake, akamrudisha mbuzi njiani walikotokea, akamfunga kwenye baiskeli yao. Akarudi akaingia ndani. Basi. Hakunitazama, na hadi leo hajanitazama. Lakini mbuzi hakuchinjwa.

Najua ulimwambia kitu siku ile ya jogoo zaidi ya ulivyoniandikia. Siulizi.

Kwandu


Rulenge
21 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena kwa kila neno uliloandika vumbini. Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya Baba Joyceline na Joyceline. Mahali pa baba mkubwa nilisoma mara mbili. Huyo tangu utotoni hafai.

Kwa hiyo ulinificha ganzi. Vizuri. Ningemfuata daktari mpaka ofisini, ni kweli, na ningemkosea, kwa sababu alinionyesha picha kama alivyokuonyesha wewe, akanijibu kila nilichouliza, na sikubakiwa na la kumgombeza. Wewe sasa nisikilize kama muuguzi. Usinywe kitu bila kukijaribu kwa kidole kwanza. Usijitie aibu kujifuta mdomo, jifute hata kama hakuna kitu. Kila asubuhi paguseguse mahali hapo kwa kitambaa laini, uuamshe mshipa. Usipoamka, umepoteza sarafu moja.

Kaka amenipigia simu. Alizungumza mambo ya mvua mpaka salio likakaribia kumwishia, halafu akauliza, "Mama alikuwa anaumwa kweli?" Nikamwambia, "Sijui, kaka. Hakuna aliyemuuliza." Akakata. Sijui kama ni yeye au ni salio.

Na mimi nina habari. Sikukuu ya Noeli tulikuwa na wageni, ndugu wote wa Baba Joyceline. Joyceline alipakua, akaanza kunipelekea changu jikoni kama kawaida. Nikamwambia leta hapa. Akaleta kinu? Hapana, nyama ilikuwa imeshatwangwa, katika bakuli. Nikaiweka mezani mbele ya mashemeji, nikaila kwa kijiko. Wifi yangu mmoja akauliza, "Mama Joyceline, unaumwa?" Nikamwambia, "Siumwi. Taya langu halikutani. Nipitishie chumvi." Wakanipitishia. Nimekaa kwenye familia hii miaka mingi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nimeshiba Noeli.

Langu silikati. Nimesema.

Wakikutoa waya, nenda taratibu, taya litakuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua.

Agness


Nyantakara
10 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wazima wote. Mama amepanda karanga. Ndama amekuwa mkaidi na anampiga Samweli mateke, mtu mwingine yeyote hamgusi. Baba amenitazama. Ilikuwa siku ya waya kutoka, niliporudi Mwanza. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, upande mmoja na mwingine, kama anayekagua ng'ombe mnadani. Nilingoja. Akasema, "Macho ni ya mama." Akaenda zake. Sikumwambia asante wala sikumwambia samahani.

Waya zimetoka. Siku za kwanza mdomo ulifunguka upana wa kijiko tu, sasa vidole viwili vinapita. Natafuna ugali, natafuna ndizi, nyama laini. Meno yanakutana, shangazi. Sikujua kwamba watu wengine walikuwa wanasikia sauti hiyo kila siku kichwani mwao.

Shuleni, Mwalimu Mkuu Marcel alisema niendelee na stoo kwanza, "tuone maendeleo". Nikamwambia maendeleo hayaonekani stoo. Akatoa gazeti, akasema nimsomee aya moja yenye "s" na "f" nyingi. Nilitazama lile gazeti. Ningeweza kulisoma. Nilikuwa nimejizoeza nyuma ya zizi mpaka ng'ombe wakazoea. Lakini nikasema, "Mwalimu, uliponiondoa hukunipima, ulimsikiliza mzazi. Kunirudisha nako usinipime. Njoo ukae nyuma ya darasa kama mkaguzi, au barua yangu iende wilayani leo." Alikunja gazeti. Akasema nianze Jumatatu.

Jumatatu niliingia. Ni watoto wapya, hawanijui, wananijua kama mwalimu wa bustani. Mwalimu Mkuu alikaa nyuma kwenye dawati dogo, magoti yamefika kifuani. Nikaandika ubaoni "sufuria". Nikasema, sufuria. Darasa zima likasema, sufuria! Nikaandika "fisi". Nikasema. Wakasema, wakacheka kwa sababu ya fisi, si kwa sababu yangu. Nilijua tofauti.

Kisha msichana mmoja wa mbele, Nizigiyimana, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, una uji hapa," akagusa kidevu chake upande wa kushoto.

Nilikuwa nimekunywa uji mapumziko. Ulikuwa umekaukia pale muda wote huo, nami sikusikia. Nyuma kule Mwalimu Mkuu akainamisha uso, na nikaiona ile huruma yake inakuja tena.

Nikajifuta kwa mkono, mbele yao, bila kugeuka. Nikasema, "Asante, Nizigiyimana. Hapa pangu hapasikii. Daktari alinikata taya, mshipa ukalala. Ukiona kitu tena, uniambie, na wengine wote mniambie. Mmesikia?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Haya. Nani anaweza kunitajia kitu kingine kinachoanza na herufi 's'?"

Mikono yote ikawa juu, na kengele ilipolia hawakutaka kutoka.

Mwanao, mwalimu wa darasa la kwanza,
Kwandu